Mzee Ameamka Tano Nukta Mbili

Msomaji, tulipoachana, mkaguzi wa Mfuko wa bima alikuwa ameweka kidole juu ya jina la marehemu, na maneno matano yalikuwa yanamtoka mdomoni. Tusimkawize.

"Huyu kapimwa leo asubuhi. Mwiteni."

Mama Risiti alisimama nyuma ya dirisha la mapokezi ya maabara, pale pale alipokaa miaka kumi na moja akipokea kadi za wagonjwa na kuandika madai ya maabara. Ndiko wateja walikomtungia jina hilo. Alimimina maji kwenye glasi, akayanywa yote, akapangusa mdomo.

"Hawezi kuja," alisema.

"Yuko mbali?"

"Si mbali sana."

"Basi apigiwe simu. Mimi nina mpaka saa kumi."

"Bwana mkaguzi, huyo ni mume wangu. Nimemzika miezi miwili iliyopita. Cheti cha kifo nilikileta ofisini kwenu kwa mkono huu huu."

Mkaguzi hakushtuka. Alikuwa mtu mwembamba wa makamo, miwani imefungwa uzi sikioni, mkoba ameukumbatia kama mtoto mchanga.

"Najua, mama," alisema. "Ndicho kilichonileta."

Akamsogezea karatasi. Mistari thelathini na sita. Kila mstari jina lile lile, namba ile ile ya uanachama, kipimo kile kile cha sukari. Na karibu kila mmoja, saa moja na nusu asubuhi.

Mama Risiti aliyasogeza macho karibu, maana siku hizi herufi zilikuwa na tabia ya kuzaa pacha. Alipofika mstari wa tatu, vinyweleo vilimsimama.

Saa moja na nusu aliijua.

Ndiyo saa ambayo simu ya marehemu ilitetemeka kila asubuhi ndani ya droo ya dirishani. Alikuwa akiichaji kila siku, kwa sababu kuizima kulikuwa kama kumzika mara ya pili. Ilitetemeka mara moja, ikanyamaza, na kioo kikaandika kwamba kuna ujumbe mpya. Namba ya siri hakuijua. Nani angemwandikia maiti, kila siku, kwa dakika ile ile?

Na si simu tu. Dakika ile ile, kutoka chumba cha ndani, sauti ilipenya ukutani: "Mzee ameamka."

Hakumwambia mtu. Mjane akisema anasikia mumewe ameamka, watu humpa kiti, humshika mkono, kisha hutazamana.

"Kanuni zimebadilika, mama," mkaguzi alisema. "Zamani ulikuwa unatuletea fomu kila mwisho wa mwezi."

"Katoni mbili. Nikabeba mwenyewe."

"Na sisi tukakulipa kwa kila fomu, tulipojisikia."

"Mlipojisikia, ndiyo."

Mkaguzi alikaribia kutabasamu. "Sasa mashine yenu ina waya mpaka kwetu. Inachotoa ndicho tunacholipa, siku hiyo hiyo. Hakuna fomu, hakuna mkono wa mtu katikati. Kwa hiyo mashine ikisema imempima marehemu, hakuna wa kusema karani alikosea. Ni wizi."

"Na adhabu yake ni nini?"

"Mkataba unakatwa. Na jina linabandikwa ubaoni, kila ofisi ya Mfuko, chini ya maneno 'madai ya uongo'."

"Jina la nani?"

"La aliyesajili maabara."

Mama Risiti alishika ukingo wa meza. Maabara ilisajiliwa kwa jina la mumewe. Mtu ambaye siku moja aliitilia shaka mashine saa nane mchana, akawarudisha wagonjwa arobaini na wawili kwa gharama yake, akawapima upya mmoja mmoja, na wote wakatoka vile vile. "Nimelala vizuri," alisema usiku ule, "basi si hasara." Leo mtu huyo abandikwe ubaoni kama mwizi wa sukari.

"Una mpaka saa kumi," mkaguzi alirudia. Saa ya ukutani ilikuwa imepita nane na robo.

*

Kikulacho ki nguoni mwako. Wazo hilo lilimjia Mama Risiti lenyewe, bila kuitwa.

Nani aliijua namba ya marehemu kwa moyo? Nani alibaki na funguo za chumba cha ndani? Shemeji yake. Mdogo wa marehemu, mchukua damu wa maabara, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano. Mtu mcheshi, mkono mwepesi. Watoto walitobolewa wakiwa bado wanacheka. Ndiye aliyembeba Mama Risiti kwa mikono yake Jumanne ya wiki iliyopita, alipoanguka hapa hapa dirishani kabla ya kufungua, akampeleka nyumbani, nyuma ya maabara, akamwambia jioni: "Damu yako safi, shemeji. Ni uchovu na majonzi tu. Kula, ulale."

Wema kama ule, nao unaweza kuwa pazia.

"Shemeji," aliita. "Njoo hapa."

Sindano alitoka akijipangusa mikono. "Kuna mgonjwa?"

"Yupo. Kaka yako."

Akampa karatasi. Sindano alisoma, na kicheko kilichokuwa kimekaa usoni kikatafuta pa kwenda.

"Hii imetoka wapi?"

"Nakuuliza wewe. Mimi nakaa huku nje ya mstari wa njano wa chumba cha ndani. Aliye ndani ni wewe. Umemwuza kaka yako kwa bei gani?"

"Shemeji, mbele ya mgeni—"

"Mgeni ndiye aliyeleta habari. Wenyeji mmenyamaza."

Sindano angeweza kukasirika, na haki ya kukasirika alikuwa nayo. Alisema tu, polepole, "Kama ningetaka kuiba, ningeiba kwa jina la kaka yangu?"

"Wezi hawachagui."

"Haya. Lakini kabla hujanifunga, mwite Bi Taratibu. Saa moja na nusu ni saa yake, si yangu."

Bi Taratibu alikuwa fundi mkuu wa mashine, mwanamke aliyekaribia kustaafu. Hakuwahi kukimbia maishani mwake, hata siku jokofu liliposhika moto; alilizima, akaandika saa. Alikuja na glavu mkononi, akaisoma karatasi mstari kwa mstari mpaka mwisho, kidole kikifuata.

Kisha akacheka. Kicheko kidogo, cha puani.

"Huyu ni Mzee," alisema.

"Tunajua ni mzee," mkaguzi alisema. "Ni marehemu pia."

"Si marehemu huyu. Huyu ni Mzee wa asubuhi. Njooni ndani."

"Na mimi?" Mama Risiti aliuliza. Miaka kumi na moja hakuwahi kuvuka mstari wa njano. Mumewe alikataza: anayeshika karatasi asishike damu.

Bi Taratibu alimfungulia mlango. "Na wewe, mwenzangu. Wewe kwanza."

*

Chumba cha ndani kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani. Mashine moja kubwa katikati, ikinguruma chini chini kama paka, na waya mpya wa buluu umetoka mgongoni mwake ukatoboa ukuta. Jokofu. Meza nyeupe. Daftari limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza ili lisitembee.

Mkaguzi alinusa. "Kuna mtu ana matunda humu? Kama nanasi lililoiva likapitiliza."

"Humu hapaliwi kitu," Bi Taratibu alisema. "Lakini harufu hiyo hata mimi naipata siku hizi. Inatokea upande wa dirishani."

Mama Risiti aliipata pia. Alikuwa ameizoea kiasi cha kudhani ndiyo harufu ya nyumba yenye msiba.

Bi Taratibu alifungua jokofu, akatoa kisanduku cha plastiki. Ndani vichupa vidogo vimepangwa, kila kimoja si kikubwa kuliko jino, na kila kimoja kimebandikwa karatasi.

Mwandiko ulikuwa wa mumewe. Ile nane yake yenye kiuno.

"Mashine hudanganya," Bi Taratibu alianza, kama anayefundisha. "Leo inaweza kusoma sukari juu, kesho chini, na mgonjwa akameza dawa isiyo yake. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, unaipa damu ambayo majibu yake unayajua. Ikijibu sawa, tunafungua. Ikijibu vingine, hatufungui."

"Ya kununua ipo," mkaguzi alisema.

"Ipo, ikifika. Miaka saba iliyopita ilichelewa miezi mitatu. Mzee akasema, kwani mimi sina damu? Akajitoa mwenyewe, akaitenganisha, akagawa maji yake kwenye vichupa, akagandisha. Akasema mashine haiaminiki mpaka imsome mtu unayemjua, na mimi najijua."

"Na namba?"

"Mashine hii haipimi bila namba. Akaiwekea yake, kwenye nafasi ya kwanza. Mpaka leo nafasi ya kwanza ni ya Mzee. Tunaweka kikombe, tunabonyeza mara moja, tunangoja. Sindano ananiuliza, 'Mzee ameamka vipi?' Namwambia, 'Mzee ameamka tano nukta mbili.' Basi siku imeanza. Miaka saba. Fundi wenu alipokuja kuunganisha waya, aliunganisha kila kitu. Hakuuliza nafasi ya kwanza ni ya nani, na mimi sikujua kwamba waya hautofautishi mgonjwa na kipimo cha mashine."

Mama Risiti alitafuta kiti, hakukiona, akaegemea meza.

Miaka yote ile aliwasikia ukutani wakisema Mzee ameamka, akadhani wanamtania bosi wao. Alipokufa, wakaendelea kusema, naye akadhani ni mwangwi wa majonzi yake. Kumbe kweli aliendelea kuamka. Alikuwa humu, kwenye barafu, akiwahi kazini kuliko wote.

"Alijitoa lini hii?" aliuliza.

"Wiki tatu kabla ya kuumwa. Vichupa mia na ishirini."

"Vimebaki vingapi?"

"Kumi na kimoja."

Alinyoosha kidole, akagusa kimoja. Baridi ikamwingia mpaka kiwikoni. Pete ya ndoa, ambayo siku hizi aliizungushia uzi ili isidondoke, iligonga plastiki ikalia.

"Ni maneno mazuri," mkaguzi alisema kwa upole. "Lakini jina halibandikwi wala halibanduliwi kwa maneno. Nionyesheni."

Bi Taratibu alikiyeyusha kichupa katika kiganja chake, taratibu, kama mtu anayepasha yai. Akamimina kwenye kikombe kidogo cha mashine. Akakiweka nafasi ya kwanza. Akabonyeza.

Wote wanne wakaitazama mashine. Mkono wake wa chuma ukashuka, ukaonja, ukapanda. Dakika zikapita.

Kioo kikawaka. Jina la mumewe. Tano nukta mbili.

Na kule dirishani, ndani ya droo, simu ikatetemeka.

Mama Risiti alishika mdomo. Mkaguzi alimwangalia.

"Ni ujumbe wa Mfuko," alisema haraka, kama aliyekanyaga mguu wa mtu. "Siku hizi kila dai likipokelewa, mwanachama anaandikiwa. 'Ndugu mwanachama, huduma yako imepokelewa.' Pole, mama. Hatukujua nani anasoma."

Mizimu yake miwili ilikufa kwa pamoja, sauti na simu, ndani ya alasiri moja. Alitegemea kuona nafuu. Aliona kiu tu.

"Na sasa mmeniongezea mstari wa thelathini na saba," mkaguzi alisema, akavua miwani na kucheka kidogo. "Sikilizeni. Kabla ya Mfuko nilikaa miaka kumi na minne kwenye chumba kama hiki. Sisi tulitumia damu ya mpishi wa hospitali, maana alikuwa mnene na hachoki kutobolewa. Alipohama tulilia kuliko mkewe. Nitaandika kwamba haya ni majaribio ya mashine, si madai. Mtarudisha mlicholipwa, mtabadilisha namba. Jina la mzee halitabandikwa."

Sindano alipumua. Bi Taratibu aliandika saa daftarini. Mama Risiti alirudi dirishani, akamimina maji, akanywa, akamimina tena. Jagi lilikuwa limekuwa jepesi. Shemeji yake alikuwa amemfuata, na hakujua amtazameje.

"Nimekutukana mbele ya mgeni," alisema.

"Umenitukana kwa adabu. Kaka alikuwa ananitukana vibaya zaidi."

Msomaji, tungeweza kuishia hapa, tukapeana mikono. Lakini mkaguzi huyu hakuajiriwa kwa uzuri wa miwani yake. Kutoka chumba cha ndani sauti yake ilitoka tena, na safari hii haikuwa na kicheko.

"Bi Fundi, tangu waya uunganishwe mmefungua asubuhi ngapi?"

Kurasa za daftari zikafunuliwa. "Thelathini na nne."

"Mimi nina mistari thelathini na sita, ukiacha huu wa sasa. Miwili imezidi."

*

Walirudi ndani. Saa ilikuwa tisa na dakika ishirini.

Yote miwili ilikuwa ya siku moja, juu ya ule wa kawaida. Saa moja na nusu: tano nukta mbili. Saa mbili na dakika tano: ishirini na moja nukta nne. Saa mbili na nusu: tano nukta mbili.

"Hiyo naikumbuka," Bi Taratibu alisema, akageuza daftari. "Nimeandika hapa. Nilimpima Mzee kama kawaida, nikatoka. Niliporudi nikakuta kioo kinaonyesha ishirini na moja. Nikajua mtu kabonyeza tena kwa bahati mbaya, na kile kikombe kimekaa kwenye joto kikaharibika. Nikakitupa. Nikafungua kichupa kingine, kikajibu sawa. 'Kikombe kimeharibika, kimerudiwa.' Saini yangu hii."

Mkaguzi alisoma.

"Wewe ni fundi mzuri kuliko mimi," alisema. "Kwa hiyo nijibu kama fundi. Damu ikikaa kwenye joto, sukari yake inafanya nini?"

Bi Taratibu alikirudisha kidole kwenye saini yake.

"Inashuka," alisema.

"Inashuka. Haijawahi kupanda mara nne."

Mashine ilinguruma peke yake.

"Basi hii si ya Mzee," mkaguzi alisema. "Hii ni damu ya mtu aliye hai, na mgonjwa, aliyepimwa kwa kadi ya maiti. Na hilo, ndugu zangu, si jaribio la mashine. Hilo ndilo dai la uongo lenyewe. Mstari mmoja unatosha kubandika jina." Akafungua kofia ya kalamu. "Nitauliza mara moja. Damu hii ni ya nani?"

Mama Risiti aliona jina la mumewe likirudi ubaoni, herufi kwa herufi. Alimgeukia Bi Taratibu, akaona mshangao mtupu. Akamgeukia shemeji yake.

Sindano alikuwa amejibandika ukutani. Uso wake ulikuwa wa kijivu, kama jivu la mkaa uliozimwa na maji.

"Tarehe," alisema kwa shida. "Hiyo ni Jumanne ya wiki iliyopita?"

"Ni hiyo."

"Bi Taratibu. Jumanne ile nilikupigia simu kutoka nyumbani. Nikakuuliza nini?"

"Uliniuliza majibu yamekujaje."

"Ukaniambia?"

"Nikakuambia tano nukta mbili, salama. Si ulikuwa unauliza Mzee ameamka vi—" Akaishia hapo.

"Sikuwa nauliza Mzee," Sindano alisema.

Aliteleza ukutani mpaka akakaa chini, magoti juu. Maneno yakamtoka akiitazama sakafu.

"Nilitoa damu, nikaitenganisha, nikaweka namba ya mwenye damu. Mashine ikakataa. Ikaandika 'mtegemezi amefutwa'. Mgonjwa asiye na kadi hupewa namba dirishani, na dirishani hapakuwa na mtu. Nafasi ya kwanza ilikuwa imeshamaliza kupima, na namba ya kaka tayari, ni kubonyeza tu. Nikatoa kikombe cha Mzee, nikaweka hiki. Vinafanana kama mayai. Nikasema nitarudi kusema ukweli. Nikatoka mbio kumbeba. Kisha nikaambiwa majibu ni mazuri, nikashukuru, nikasahau kwamba nimekosa."

"Kumbeba nani?" mkaguzi aliuliza.

Sindano aliinua kichwa, akaitazama glasi iliyokuwa mkononi mwa mke wa kaka yake. Hata Mama Risiti mwenyewe hakukumbuka kuja nayo ndani.

"Shemeji," alisema, "tangu asubuhi umekunywa glasi ngapi?"

Mama Risiti alitaka kusema mbili. Alikumbuka kwamba jagi alilijaza alipofika, na akalijaza tena kabla mkaguzi hajaingia, na muda mfupi uliopita lilikuwa jepesi mkononi. Akakumbuka sakafu ya Jumanne, baridi shavuni. Pete na uzi wake. Herufi zinazozaa pacha. Harufu ya nanasi, ile ya pumzi ya mgonjwa wa sukari, iliyomfuata kutoka chumbani hadi dirishani, kila alipopumua.

Wiki zote hizo alikuwa akimsikiliza maiti, kumbe mgonjwa alikuwa yeye.

"Kwa nini nimefutwa?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya udadisi tu, kama ya mteja dirishani. "Yeye kafa, kadi yake inafanya kazi. Mimi mzima nimefutwa."

Mkaguzi alikuwa amekunja karatasi mara mbili bila kujua. "Mchango wake ulilipwa mpaka mwisho wa robo hii ya mwaka. Kwa hiyo namba yake inaishi mpaka hapo. Lakini mtegemezi..." Alikohoa. "Mtegemezi humtegemea mtu aliye hai. Cheti kikifika, yeye hufutwa siku hiyo. Ni kanuni mpya. Sikuiandika mimi."

"Cheti nilikileta mwenyewe," Mama Risiti alisema. "Kwa mkono huu huu."

Hakuna aliyecheka.

"Mama, nisikilize," mkaguzi alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya yule fundi wa miaka kumi na minne. "Ukikaa kimya, hii inabaki kwenye jina la mumeo, nami siwezi kuifuta. Ukisaini kwamba damu ni yako, jina lake linasalimika. Lakini linaingia lako. Na aliye kwenye orodha ya udanganyifu haruhusiwi kujiunga tena na Mfuko kwa miaka miwili. Na kwa majibu haya," akagusa ile ishirini na moja, "wewe si mtu wa kukaa miaka miwili bila kadi."

"Nisaini mimi," Sindano alisema kutoka sakafuni. "Nimebonyeza mimi."

"Fomu inauliza damu ya nani. Haiulizi kidole cha nani."

Saa ilikuwa kumi kasoro dakika kumi na mbili.

"Kaamshwa asubuhi thelathini na nne tangu mlete waya wenu," Mama Risiti alisema. "Mwacheni alale. Nipe kalamu."

Mkaguzi alimpa. Alimlainishia karatasi juu ya meza nyeupe, akamwonyesha mstari wa sahihi. Mama Risiti aliinama. Mistari ilikuwa miwili, kisha mitatu, kisha ikaanza kuelea kama vijiti majini. Alichagua mmoja. Ukamkwepa.

"Usimsainishe chochote," Bi Taratibu alisema.

Na hapo likatokea jambo ambalo Sindano atalisimulia mpaka uzee wake: Bi Taratibu alikimbia. Alivuka chumba kwa hatua tatu, akatoa mfukoni mwa koti kile kimashine kidogo cha kuchoma kidole, akaushika mkono wa mjane, ule usio na kalamu.

"Hiki hakina waya," alisema. "Hiki hakimwambii mtu."

Tone la damu likatoka, zito, jekundu mno. Kimashine kikalinywa. Kikahesabu kurudi nyuma: tano, nne, tatu, mbili, moja.

Bi Taratibu alikitazama. Akakitikisa, yeye ambaye hakuwahi kutikisa chombo. Akakitazama tena, kisha akampa mkaguzi.

Hakikuandika namba. Kifaa kile huhesabu mpaka thelathini na tatu. Ikizidi hapo, huacha kuhesabu na kuandika neno moja tu, kwamba sukari iko juu.

"Gari," mkaguzi alisema. "Gari langu liko mlangoni. Mshikeni."

Sindano alikuwa ameshainuka. Lakini Mama Risiti alikuwa bado ameinama juu ya meza, mtulivu, kama mtu anayeandika barua ndefu. Midomo yake ilisogea. Walisogea karibu ili wamsikie.

"Mzee," alikuwa akisema, na hakuwa anaongea nao. "Umeamka vipi?"

Kichwa kikashuka juu ya mkono. Kalamu ilibaki katikati ya vidole, ncha yake imegusa karatasi na kuacha nukta moja nyeusi, upana wa kidole kimoja juu ya mstari wa sahihi, ambao ulikuwa bado mtupu.